Kuchagua Hoteli na Mpango wa Chakula Walt Disney World kwa Safari ya Familia

Walt Disney World si bustani moja yenye geti moja. Ni eneo la takriban kilomita za mraba 100 karibu na Orlando, Florida, na ndani yake mna bustani kubwa nne: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Hoteli za Disney zimetawanyika humo humo, na nje ya mipaka zipo nyingine nyingi mno. Kwa hiyo familia mbili zinaweza kulipa pesa ileile, moja ikafika getini kwa miguu baada ya dakika kumi, nyingine ikahangaika na mabasi kwa muda wa saa nzima.

Wengi huanza na picha za bwawa la kuogelea. Bwawa watoto watalitumia saa mbili kwa siku, tena kama hawajachoka. Anza na umri wa kila mtoto, kisha vitanda, kisha usafiri. Mpango wa chakula, yaani milo mnayoilipia Disney kabla ya safari, uje mwisho, kwa sababu unategemea hayo matatu, hasa umri.

Umri unaoamua bei

Mtoto aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu yoyote: hana tiketi ya bustani, halipiwi mpango wa chakula, na kwenye bafe hula bure. Kuanzia miaka 3 hadi 9 ni mtoto. Akifikisha 10, Disney wanamhesabu kuwa mtu mzima kwenye tiketi na kwenye chakula, hata kama anakula kama ndege. Ukiwa na mtoto atakayetimiza miaka 3 au 10 karibu na tarehe mnazofikiria, piga hesabu kabla na baada ya siku yake ya kuzaliwa. Kusogeza safari wiki mbili kunaweza kuokoa pesa nyingi kuliko kushuka daraja la hoteli.

Vitanda

Hoteli za Disney zimegawanywa katika madaraja: Value (nafuu), Moderate (wastani) na Deluxe (ghali). Chumba cha kawaida cha Value kina ukubwa wa takriban mita za mraba 24 na kinalala watu wanne, pamoja na mtoto mchanga kwenye kitanda chake cha kukunja, ambacho hoteli hutoa bure ukikiomba. Pop Century, mojawapo ya hoteli za Value, ina kitanda kimoja kikubwa, na kingine hukunjuliwa kutoka ukutani. Kikishashushwa, meza haipo tena. Yaani mkitaka watoto walale mapema, nyinyi hamna pa kukaa isipokuwa kitandani kwenu, taa zikiwa zimezimwa. Hilo halionekani kwenye picha.

Familia ya watu watano ina shida ya pekee. Baadhi ya vyumba vya Caribbean Beach na Port Orleans Riverside, zote za daraja la Moderate, vina kitanda cha mtu wa tano kinachoshushwa ukutani. Ni kifupi na kinamfaa mtoto mdogo. Kijana wa miaka 14 miguu itaning'inia. Kagua kwamba chumba unachoweka nafasi ni cha watu watano kweli, kwa kuwa hoteli hizo zina vyumba vya wanne pia.

Mkiwa watano au sita, linganisha na vyumba vya familia vya Art of Animation au All-Star Music: vinalala watu sita, vina mabafu mawili na jiko dogo lenye maikrowevu na friji. Mabafu mawili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Watu sita wanaotaka kuwa getini saa 2:30 asubuhi, wakipigania bafu moja, watachelewa kila siku. Ila usidhani kwamba neno Value linamaanisha rahisi hapo. Chumba cha familia cha Art of Animation mara nyingi hulingana na bei ya Moderate au kuipita, na wakati mwingine vyumba viwili vya kawaida vyenye mlango wa kuunganisha huwa na bei ya chini kuliko hicho. Uliza zote mbili kwa tarehe zilezile.

Usafiri: hapa ndipo pesa ya hoteli inapokwenda

Tofauti ya kweli kati ya hoteli za Disney ni jinsi unavyofika bustanini. Zote zina usafiri wa bure kwenda bustani zote nne, mara nyingi basi. Baadhi zina kitu cha ziada, na hicho ndicho unacholipia.

Hoteli ya Contemporary iko umbali wa takriban dakika kumi kwa miguu kutoka Magic Kingdom. Grand Floridian nayo ina njia ya miguu, na pamoja na Polynesian zote tatu ziko kwenye njia ya monoreli, treni ya reli moja. BoardWalk, Yacht Club na Beach Club zinakufikisha EPCOT kwa miguu kupitia geti la nyuma. Wilderness Lodge ina boti ya kwenda Magic Kingdom. Kinyume chake, Animal Kingdom Lodge, pamoja na twiga wake wanaopita chini ya roshani, inategemea mabasi tu, ingawa ni Deluxe. Twiga wa pale unaweza kuwaona hata kama umelala kwingine: nenda ule mchana hapo, kisha watoto wasimame kwenye ukumbi wa kutazamia.

Kwa mwenye bajeti ndogo, chaguo lenye akili ni Pop Century au Art of Animation, kwa sababu zina kituo cha Skyliner: vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, vilivyoanza kazi mwaka 2019, vinavyokwenda Hollywood Studios na EPCOT. Hoteli nyingine zenye Skyliner ni Caribbean Beach na Riviera, ambazo ni ghali zaidi. Skyliner ina kasoro moja: husimama radi zikikaribia, na Florida wakati wa kiangazi radi za alasiri ni jambo la kawaida. Wakati huo mabasi huwekwa badala yake, na foleni huwa ndefu. Jua pia kwamba katika Art of Animation vyumba vya Little Mermaid viko mbali kabisa na jengo kuu, na Caribbean Beach imezunguka ziwa zima. Ukiweka nafasi, andika ombi la chumba karibu na kituo. Ombi haliahidiwi, lakini asiyeomba hupewa kilichobaki.

Kigari cha mtoto ndicho kipimo kizuri cha usafiri. Kwenye basi lazima kikunjwe. Kwenye Skyliner na monoreli unasukuma tu ukaingia, mtoto akiwa amelala ndani. Fikiria saa 4 usiku, fataki zimekwisha, maelfu ya watu wanatoka kwa pamoja: mtoto wa miaka mitatu amelala, mkono mmoja umembeba, wa pili unakunja kigari, begi liko mgongoni, na mwingine wa miaka sita anauliza kama mmefika. Mwenye watoto wawili wa chini ya miaka mitano akubali kulipa kidogo zaidi ili aepuke hilo kila usiku. Mwenye vijana, All-Star zinamtosha, ingawa mara nyingine basi moja huzunguka hoteli zote tatu za All-Star kabla ya kuelekea bustanini.

Katika daraja la Moderate, Port Orleans French Quarter husahaulika. Ni ndogo na ina kituo kimoja cha basi, kwa hiyo hakuna kuzungushwa ndani ya hoteli kabla ya kutoka.

Faida nyingine za kulala kwa Disney zihesabu kwa makini. Wageni wote wa hoteli hizi huingia bustani yoyote dakika 30 kabla ya umma, kila siku. Dakika hizo zina thamani kwa anayeamka mapema tu. Kama familia yenu hutoka chumbani saa 4 asubuhi, ziondoe kwenye hesabu. Daraja la Deluxe lina nyongeza ya saa mbili za usiku katika siku chache zilizopangwa. Anayetaka kununua Lightning Lane Multi Pass ili kupunguza foleni huchagua nafasi zake siku 7 kabla ya safari akiwa mgeni wa hoteli. Wengine hungoja mpaka siku 3. Kwa mchezo unaogombewa, siku hizo nne ndizo zinazoamua.

Onyo kwa wanaosoma ushauri wa zamani: basi la bure la kutoka uwanja wa ndege, Magical Express, lilikoma mwanzoni mwa mwaka 2022. Weka gharama ya usafiri wa kwenda na kurudi uwanja wa ndege kwenye bajeti.

Kulala nje ya Disney

Nje kuna vyumba vikubwa kwa bei ndogo, mara nyingi na jiko na kifungua kinywa bure. Ni uamuzi mzuri kwa familia kubwa, ila bei ya kwanza unayoiona si ya mwisho. Ongeza kodi, ongeza ada ya huduma ya kila usiku ambayo hoteli nyingi hapo hutoza, ongeza maegesho ya hotelini, ongeza gari la kukodi, na ongeza maegesho ya bustanini, ambayo hulipiwa kila siku. Wageni wa hoteli za Disney hawalipi maegesho ya bustanini.

Hoteli ikisema ina basi la kwenda Disney, uliza maswali matatu: linaondoka saa ngapi, linarudi saa ngapi, na linashusha wapi. Mabasi mengi ya nje, na hata teksi za programu za simu, hushusha abiria wa Magic Kingdom kwenye kituo kikuu cha usafiri na tiketi, upande wa pili wa ziwa. Hapo bado mnatakiwa kupanda monoreli au kivuko, pamoja na foleni yake. Basi linaloondoka mara mbili kwa siku maana yake ni kwamba mtoto akiugua saa 7 mchana mnalipa teksi au mnakaa kivulini mpaka jioni.

Hoteli za Swan na Dolphin, zisizoendeshwa na Disney, ziko ndani ya eneo na zina ile nafasi ya kuingia dakika 30 mapema, lakini wageni wake hawauziwi mpango wa chakula wa Disney. Yule aliyepanga safari kwa ajili ya mpango huo na akaweka nafasi pale kwa kuwa bei ni nzuri, huligundua amechelewa.

Kabla ya kulipa

Bei za vyumba hutangazwa bila kodi. Katika hoteli nyingi za Disney kodi ya malazi ni asilimia 12.5, kwenye All-Star tatu ni 13.5, kwa sababu ziko kaunti nyingine. Nafasi ya chumba pekee kwa kawaida hufutwa bila hasara mpaka siku chache kabla ya kufika, ilhali kifurushi cha chumba na tiketi kinataka ufute siku 30 kabla. Kama viza za familia nzima hazijatoka, chumba pekee ni salama zaidi. Tiketi na chakula viongezwe baadaye. Usinunue nafasi isiyorudishiwa pesa kwa kufuata punguzo la asilimia kumi.

Mwisho wa Agosti na Septemba bei hushuka kwa kuwa watoto wa Marekani wamerudi shule. Ni msimu wa vimbunga pia, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, na joto ni kali. Wiki ya Krismasi mpaka Mwaka Mpya ndiyo ghali na yenye msongamano kupita zote. Kwa familia yenye watoto wadogo isiyobanwa na ratiba ya shule, Septemba yenye mvua ya alasiri ni bora kuliko Desemba yenye foleni ya saa mbili.

Mpango wa chakula una nini hasa

Mpango huu uliondolewa wakati wa korona na ukarudi Januari 2024, ukiwa wa aina mbili. Kila kitu huhesabiwa kwa krediti zinazowekwa kwenye akaunti yenu kulingana na idadi ya usiku, si idadi ya siku.

Wa kwanza ni wa kaunta. Kila usiku kila mtu hupata milo miwili ya kaunta, yaani unaagiza, unachukua sinia, unatafuta meza mwenyewe, pamoja na kitafunwa kimoja. Mlo mmoja ni chakula kikuu kimoja na kinywaji kimoja. Kitindamlo hakimo. Wa pili ni wa mezani: kila usiku mlo mmoja wa mezani wenye mhudumu, mlo mmoja wa kaunta na kitafunwa kimoja. Mlo wa mezani wa mchana au jioni una chakula kikuu, kitindamlo na kinywaji, au bafe kamili, vianzio havimo. Katika mipango yote miwili kila mtu hupewa kikombe cha kujaziwa vinywaji, ambacho hufanya kazi hotelini tu. Bustanini mashine hazipo.

Masharti yanayoumiza watu ni haya. Kila aliye na miaka 3 au zaidi katika chumba hicho lazima awemo, kwa usiku zote. Huwezi kuwanunulia watoto tu, wala kununua kwa siku mbili kati ya tano. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 ataagiza kwenye menyu ya watoto pale ilipo. Bakshishi haimo, isipokuwa kwenye maonyesho ya chakula cha jioni: kwa mlo wa mezani tenga asilimia 18 hadi 20 ya thamani ya bili, na kundi la watu sita au zaidi huwekewa 18 moja kwa moja. Mikahawa ya kifahari, kama ule ulio ndani ya kasri la Cinderella, hula krediti mbili za mezani kwa mtu mmoja. Familia inayokula humo mara moja imefuta mlo wa siku nyingine bila kujua.

Hesabu yenyewe

Tuchukue wazazi wawili, watoto wa miaka 7 na 5, na usiku nne. Bei za mwaka 2024 zilikuwa hivi kwa usiku: mpango wa kaunta dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto; wa mezani dola 94.28 na 29.69. Bei hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo ingiza za mwaka wenu. Njia ya kupiga hesabu haibadiliki. Bei za mpango tayari zina kodi, ilhali bei za kwenye menyu hazina, na kodi ya chakula hapo ni asilimia 6.5. Makadirio yafuatayo yamejumuisha kodi.

Mpango wa kaunta kwa familia hii ni dola 161.68 kwa usiku, sawa na 646.72 kwa safari nzima. Sasa tazama pesa taslimu. Mtu mzima akila chakula cha kaunta cha dola 16 na soda ya 5, mara mbili, ni 42, kitafunwa 7, jumla 49. Mtoto: sahani ya mtoto takriban 9.50 mara mbili ni 19, na kitafunwa 7, jumla 26. Familia nzima ni dola 150 kwa siku, yaani 600. Mpango umezidi kwa dola 46.72.

Lakini kikombe hatujakiweka. Kikombe kimoja kwa safari nzima ni kama dola 24, au 6 kwa siku kwa kila mtu. Ukiwa ungekinunua kwa kila mmoja, pesa taslimu inafika 696, na mpango unakuokolea dola 49.28. Kumbe kinachoamua ni vikombe vinne vya plastiki! Familia inayokunywa soda na kahawa hotelini asubuhi na usiku itafaidi. Familia inayokunywa maji, na maji ya barafu hutolewa bure kwenye mikahawa ya kaunta ukiyaomba, inalipia vikombe vya ukumbusho.

Badilisha mtoto wa miaka 7 awe wa 10, halafu uone: mpango unapanda dola 33.18 kwa usiku, 132.72 kwa safari, ilhali mtoto hali zaidi ya jana. Familia yenye watoto wa miaka 10 hadi 13 wasio walaji mara chache hufaidi mpango wa kaunta.

Mpango wa mezani unategemea mkahawa. Tuseme mnakula kila siku bafe ya wahusika, ambako wahusika wa Disney kama Mickey au Winnie the Pooh hupita mezani kupiga picha na watoto: Chef Mickey's ya Contemporary, Crystal Palace ya Magic Kingdom, au Tusker House ya Animal Kingdom, zote kwa krediti moja. Chukua dola 68 kwa mtu mzima na 43 kwa mtoto. Ukiongeza mlo wa kaunta, kitafunwa na kikombe, mtu mzima anafika 102 dhidi ya 94.28, na mtoto 65.50 dhidi ya 29.69. Familia inaokoa takriban dola 87 kwa siku, nyingi zikitoka kwa watoto. Sasa badala ya bafe weka mkahawa wa kawaida wa mezani: chakula 30, kitindamlo 11, soda 5. Mtu mzima anafika 80, hivyo anapoteza dola 14.28, mtoto anayekula sahani ya dola 15 anafika 37.50. Familia inapoteza kama dola 13 kwa siku, na hapo bakshishi bado.

Kwa hiyo mpango wa mezani unawafaa wenye watoto wa miaka 3 hadi 9 ambao kweli wanataka kula na wahusika karibu kila siku. Watu wazima peke yao, au wenye vijana, hupoteza isipokuwa wachague vyakula vya bei ya juu kila mara. Kila mlo wa mezani huchukua pia dakika 60 hadi 90. Milo minne ni saa nne hadi sita za tiketi mliyolipia. Misimu mingine Disney hutoa mpango bure kwa watoto ikiwa wazazi wananunua wao. Hapo rudia hesabu kwa kuweka sifuri kwa watoto. Hata mpango wa kaunta hugeuka kuwa biashara nzuri.

Kuwa na mpango si kuwa na kiti

Krediti hazikuhakikishii meza. Mikahawa ya mezani hufungua nafasi siku 60 kabla, na mgeni wa hoteli ya Disney anaruhusiwa siku hiyo ya 60 kabla ya kuwasili kuweka nafasi za safari nzima, hadi siku 10. Hii ina ujanja wake: tafuta mkahawa unaogombewa kwenye siku za mwisho za safari, maana siku hizo kwa wasio wageni wa hoteli bado hazijafunguliwa. Nafasi hufunguliwa mapema asubuhi kwa saa za Orlando, ambayo Afrika Mashariki ni mchana. Andaa mapema akaunti, kadi ya benki na orodha ya mikahawa mitatu kwa kila siku.

Usipotokea bila kufuta saa mbili kabla, kadi hukatwa, kwa kawaida dola 10 kwa kila mtu. Msiweke mlo wa mezani siku ya kuwasili kama ndege inatua alasiri. Vyumba vya hoteli hufunguliwa saa 9 alasiri, uhamiaji una foleni zake, na watoto watakuwa wanasinzia kabla supu haijafika. Siku hiyo tumia mlo wa kaunta wa hotelini.

Mwenye mzio, asiyekula nguruwe au anayehitaji halali aandike wakati wa kuweka nafasi na amkumbushe mhudumu akikaa. Mikahawa ya mezani hushughulikia maombi hayo vizuri zaidi kuliko kaunta, na hiyo ni sababu ya haki ya kupendelea mpango wa mezani hata kama hesabu iko sawasawa.

Kula bila mpango

Inaruhusiwa kuingia na chakula chenu bustanini, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka wapite ukaguzi. Marufuku ni pombe, vyombo vya glasi isipokuwa vichupa vya chakula cha mtoto mchanga, barafu ya vipande isiyofungashwa, na kiboksi cha baridi kinachozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Badala ya barafu gandisha chupa za maji usiku, kama friji ya chumba ina sehemu ya kugandishia. La sivyo tumia pakiti za baridi za kutumia tena.

Mpangilio unaofanya kazi kwa familia nyingi: kifungua kinywa chumbani (nafaka, maziwa, ndizi), mlo wa kaunta saa 5 asubuhi kabla ya msongamano wa saa 6 hadi 8, vitafunwa vya kwenye begi alasiri, na chakula cha jioni mapema. Agiza kwa programu ya simu ya Disney ukiwa bado kwenye foleni ya mchezo. Unachagua muda wa kuchukua, na saa za kilele muda wa karibu huisha. Sahani nyingi za kaunta ni kubwa, na watoto wawili wadogo wanaweza kugawana sahani moja ya mtu mzima. Kwenye mpango wa chakula kugawana huko hakuna maana, kwa kuwa mmeshalipia milo yote.

Familia inayopanga kulala siku kadhaa Universal Orlando, bustani za kampuni nyingine, izitenge usiku hizo katika nafasi nyingine kabisa. Krediti za Disney hazitambuliki huko, na usiku unaolipiwa Disney huku mkishinda Universal ni milo miwili na kitafunwa kwa kila mtu vinavyobaki bila mlaji.

Usiku mmoja kabla ya kuondoka

Fungua programu mwangalie krediti zilizobaki. Zinaisha saa 6 usiku wa siku ya kutoka hotelini, hazirudishwi pesa, na ingawa chumba mnakiacha saa 5 asubuhi, chakula bado mnaweza kuchukua mchana kutwa. Krediti za milo zilizozidi tumieni kwa chakula cha mchana cha mwisho kwenye ukumbi wa hoteli. Zile za vitafunwa, ambazo ndizo hubaki kwa wingi, chukulieni vitu vilivyofungwa: biskuti, bisi, peremende za pakiti, matunda. Angalia alama ya mpango wa chakula kwenye menyu au karibu na bei kabla ya kujaza kikapu, maana si kila pakiti iliyo dukani inakubaliwa. Vikavu viwekeni kwenye mkoba wa ndege. Matunda mmalize kabla ya kupanda.